Mkonge wa Tanga unaweza kuongeza mafuta ya Uganda? Hesabu inasema hivi

Uganda ina mafuta ghafi yanayokadiriwa kufikia mapipa bilioni 6.5 chini ya ardhi ya Bonde la Ziwa Albert. Lakini kiasi kinachotajwa kuwa kinaweza kutolewa ni takriban mapipa bilioni 1.4 tu.

Yaani kati ya kila mapipa 10, mawili yanatoka. Manane yanabaki kwenye mwamba.

Hilo si kosa la mtu. Ndivyo mafuta yalivyo karibu kila mahali duniani. Ila kwa nchi inayojenga bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, swali la "hayo manane vipi?" lina uzito wa pekee.

Moja ya majibu linatoka mahali ambapo wengi hawakutarajia: kwenye selulosi, kitu kilekile kinachojenga pamba, mbao, mabua ya mahindi na singa za mkonge. Wanasayansi wamekuwa wakiibadilisha selulosi kikemia ili imwagwe kwenye maji yanayosukuma mafuta. Je, inafanya kazi? Na Afrika Mashariki ina nafasi gani hapo?

Kwa haraka

- Maji yakifanywa mazito kidogo yanasukuma mafuta vizuri zaidi.
- Kemikali inayotawala kazi hiyo leo inatengenezwa kwa malighafi za petroli.
- Selulosi inaweza kuchukua nafasi yake, lakini ina maadui watatu: vijidudu, nyuzi na bei.
- Nafasi ya karibu kwa viwanda vya hapa si kwenye kusukuma mafuta. Iko kwenye kuchoronga visima.

Kwa nini mafuta hayatoki yote

Watu wengi hudhani mafuta yamekaa chini kama maji kwenye tenki, ukitoboa unanyonya mpaka yaishe. Haiko hivyo. Mafuta yamejificha ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, mfano wa maji kwenye sifongo.

Kisima kikifunguliwa, shinikizo la asili linayasukuma yenyewe. Baada ya muda nguvu hiyo inashuka. Hapo kampuni huingiza maji kupitia visima vingine ili yasukume mafuta kuelekea visima vya uzalishaji. Ndivyo Uganda ilivyopanga: mradi wa Tilenga, unaoendeshwa na TotalEnergies, utachota maji Ziwa Albert kwa kazi hiyo.

Shida ni kwamba maji ni mepesi na mafuta ni mazito. Maji hutafuta njia rahisi. Yakishapata upenyo, yanapita hapohapo hadi kisima cha pili, na mafuta ya pembeni yanaachwa. Kampuni inabaki kupampu maji yaleyale, yanaingia huku yanatokea kule, mafuta yakiwa kiduchu.

Maji yenye mlenda

Dawa yake ni kuyaongezea maji mnato. Mtu aliyepika mlenda au bamia anajua: mboga kidogo tu inafanya sufuria nzima ivutike. Kinachofanya hivyo ni molekuli ndefu sana, kama nyuzi, zinazojikunjua ndani ya maji na kuyazuia yasitiririke ovyo. Molekuli za aina hiyo huitwa polima.

Maji yenye polima hayakimbilii upenyo. Yanasonga mbele kwa pamoja, mfano wa fagio pana badala ya mjiti mmoja, na kukusanya mafuta ambayo maji matupu yangeyaruka. Dozi yake ni ndogo: mara nyingi kilo moja hadi mbili kwa kila mita moja ya ujazo ya maji.

Hapa kuna jambo linalochanganya watu. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa, ndiyo maana bomba la EACOP lazima lipashwe joto hadi takriban nyuzi 50. Polima haitibu hilo. Haiyeyushi nta wala haifanyi mafuta yawe mepesi. Inachobadilisha ni maji tu.

Si jambo la maabara tu

China ndiyo mwalimu mkuu. Huko Daqing, uwanja wa mafuta uliogunduliwa mwaka 1959, polima zilianza kutumika kwa kiwango cha viwanda mwaka 1996. Katika maeneo yaliyosukumwa kwa njia hiyo, mafuta yaliyopatikana yameongezeka kwa takriban asilimia 10 ya mafuta yote yaliyokuwemo, juu ya yale ambayo maji peke yake yangetoa.

Oman nayo imo. Kule Marmul, mkoa wa Dhofar, kampuni ya PDO ilifanya jaribio dogo miaka ya 1980, ikaacha, kisha mwaka 2010 ikarudi kwa kishindo ikiingiza polima kupitia visima 27. Mafuta ya Marmul ni mazito na maji matupu yalikuwa yakiyaacha nyuma.

Angola ilishuhudia jaribio gumu zaidi. Total, kampuni ileile inayoongoza Tilenga, iliingiza polima kwenye uwanja wa Dalia, katika bahari yenye kina kirefu. Kwa hiyo mwendeshaji wa Uganda si mgeni wa teknolojia hii.

Kinachofanana katika sehemu zote tatu ni aina ya polima. Kote imetumika poliakrilamidi, unga mweupe unaozalishwa kwa wingi kiwandani kutokana na malighafi za petroli. Ni nafuu, inapatikana, na kilo moja inatoa mnato mwingi.

Sasa selulosi inaingiaje?

Poliakrilamidi ina udhaifu. Maji yakiwa na chumvi nyingi, molekuli zake hujikunja na mnato unashuka. Joto la chini ya ardhi likipanda sana huharibika. Ikipitishwa kwa kasi kwenye pampu na valvu nyembamba, nyuzi zake hukatika. Pia inatengenezwa kwa akrilamidi, kemikali yenye sumu inayohisiwa kusababisha saratani, na mabaki yake lazima yadhibitiwe.

Selulosi ndiyo polima inayopatikana kwa wingi kuliko zote kwenye mimea. Pamba ni takriban asilimia 90 selulosi. Mti ni karibu nusu. Tatizo lake la kwanza ni kwamba haiyeyuki kwenye maji. Ingekuwa inayeyuka, shati la pamba lingeishia kwenye beseni la kufulia.

Ndiyo maana hubadilishwa. Vikundi vingine vya kemikali huunganishwa kwenye mnyororo wake, na hapo inakubali maji. Zao maarufu ni CMC. Watu wanaitumia kila siku bila kujua: imo kwenye dawa ya meno, aiskrimu na baadhi ya dawa za maji. Nyingine ni HEC, inayotumika kwenye rangi za nyumba na shampuu.

HEC ina sifa moja nzuri: haina chaji ya umeme, kwa hiyo chumvi haiisumbui sana. Mnyororo wa selulosi wenyewe pia ni mgumu kidogo, haukunjiki hovyo. Siku hizi kuna utafiti mwingi kwenye selulosi iliyosagwa hadi vipande vidogo mno, ambavyo vinaonekana kuvumilia chumvi na joto vizuri zaidi. Kwenye maabara, matokeo mengi yanatia moyo.

Ila maabara ni bomba la mwamba la urefu wa sentimita chache. Uwanja wa mafuta ni kilomita.

Maadui watatu

Adui wa kwanza ni vijidudu. Bakteria na fangasi wameila selulosi kwa mamilioni ya miaka. Ndivyo jani linavyooza. Polima iliyoingizwa kisimani inatakiwa idumu miezi au miaka kabla haijafika upande wa pili. Vijidudu vikiishambulia njiani, mnato unapotea na hela imezama.

Dawa ya vijidudu ipo, mfano formalini. Lakini hapo hoja nzima inaanza kuyumba. Selulosi inasifiwa kwa kuwa rafiki wa mazingira, halafu inalindwa kwa sumu ili isioze. Kadiri inavyooza kirahisi ndivyo ilivyo salama zaidi kwa mto na ziwa, na ndivyo inavyofaa kidogo kisimani. Bado hakuna aliyelikwepa hilo kabisa.

Adui wa pili ni nyuzi. Selulosi isipobadilishwa sawasawa inaacha vipande visivyoyeyuka. Kwenye aiskrimu haina shida. Kwenye mwamba vinaziba vitundu, na kisima cha kuingizia maji kikishaziba kukizibua ni gharama kubwa.

Adui wa tatu ni bei kwa mnato. Kilo ya CMC kwa kawaida hutoa mnato mdogo kuliko kilo ya poliakrilamidi bora kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa hiyo hata bei ya kilo ikilingana, mnunuzi wa selulosi atahitaji kilo nyingi zaidi.

Hapo ndipo Uganda inapojikuta kwenye kona ya ajabu. Sifa kuu ya selulosi ni kuvumilia chumvi. Lakini maji ya Ziwa Albert hayana chumvi ya kutisha kama ya bahari. Kwenye maji ya namna hiyo poliakrilamidi inafanya kazi vizuri kabisa, tena kwa dozi ndogo. Selulosi ingekuwa na hoja nzito zaidi pale ambapo maji yanayoingizwa ni ya bahari.

Kinachoweza kubadilisha hesabu ni maji yanayorudi. Maji yanayotoka na mafuta hubeba chumvi za mwamba, na yakisafishwa hurudishwa chini tena. Kadiri miaka inavyokwenda, sehemu ya maji hayo inakua, na ya ziwa inapungua.

Piga hesabu ya tani

Chukua mfano wa mradi unaoingiza mapipa 100,000 ya maji kwa siku. Hiyo ni karibu mita za ujazo 15,900. Kwa dozi ya kilo moja na nusu, zinahitajika takriban tani 24 za polima kila siku, sawa na tani 8,700 kwa mwaka. Kama selulosi itahitaji dozi mara mbili, zinakuwa tani 17,400.

Sasa fikiria faida. Asilimia moja tu ya mapipa bilioni 6.5 ni mapipa milioni 65. Kwa bei ya dola 60 kwa pipa, ni dola bilioni 3.9, kabla ya kutoa gharama, kodi na mgawo wa kampuni.

Tanzania nayo ina maslahi. Ada ya kusafirisha iliyokubaliwa ni dola 12.77 kwa pipa. Mapipa milioni 65 yakipita kwenye bomba, ni takriban dola milioni 830. Hela hizo haziendi serikalini moja kwa moja. Zinalipwa kwa kampuni ya bomba, ambayo TotalEnergies ina asilimia 62, TPDC ya Tanzania 15, UNOC ya Uganda 15 na CNOOC 8. Lakini hisa 15 na kodi si kitu kidogo.

Kuna jingine. Uzalishaji wa Tilenga na Kingfisher umepangwa kufikia kilele cha mapipa 230,000 kwa siku, na bomba lina uwezo wa juu wa 246,000. Kilele hakidumu. Mafuta yakianza kupungua, bomba linabaki na nafasi tupu huku gharama za kulipasha joto na kulilinda zikiwa zilezile. Chochote kinachorefusha uzalishaji kinasaidia bomba lisigeuke mzigo.

Mkonge, miwa au pamba?

Malighafi ipo. Bomba linaishia Tanga, mkoa uliojengwa na mkonge. Miaka ya 1960 Tanganyika na baadaye Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, ikiongoza duniani. Nyuzi za plastiki ziliposhika soko, zao likaanguka. Sasa serikali inalifufua.

Sehemu inayogeuka singa ni ndogo sana, takriban asilimia 2 hadi 4. Inayobaki ni mabaki. Wengi husikia hivyo na kudhani selulosi ya bure imelala mashambani. Si rahisi hivyo. Sehemu kubwa ya mabaki ya mkonge ni maji na nyama laini ya jani, ambayo tayari imetumika kuzalishia gesi kwenye mtambo wa Hale, Tanga. Selulosi yenyewe imo zaidi kwenye nyuzi fupi zinazochujwa kando. Singa nzuri ina soko lake. Hakuna mkulima atakayeiuza kwa bei ya kutengenezea gundi.

Makapi ya miwa nayo yana selulosi karibu nusu, na viwanda vya sukari vina marundo. Lakini vingi, kama Kakira nchini Uganda, huyachoma kuzalisha umeme. Ukiyachukua, lazima uwape nishati nyingine.

Pamba ndiyo safi kuliko zote. Nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu baada ya kuchambua zinatumika duniani kote kutengeneza CMC ya daraja la juu. Mikoa ya Simiyu na Shinyanga ina mbegu hizo, ambazo huenda kwenye vinu vya mafuta ya kula.

Hata malighafi ikipatikana, kuna kemikali. CMC inahitaji kostiki soda na asidi ya kloroasetiki. HEC inahitaji oksidi ya ethilini, gesi hatari inayolipuka na inayotokana na petroli au gesi asilia. Kwa hiyo jina "polima ya mimea" lina ukweli nusu. Mgongo ni wa mmea, mikono ni ya kiwanda cha kemikali, na kiwanda hicho kwa sasa kiko ng'ambo.

Mazingira: nani anahakikishiwa nini

Sehemu ya visima vya Tilenga iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, karibu na Mto Nile unapoingia Ziwa Albert. Maelfu ya familia pande zote za ziwa, Uganda na Kongo, zinategemea samaki. Mradi mzima tayari umefikishwa mahakamani Paris na mashirika ya kiraia, na Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa. Serikali za Uganda na Tanzania zililipinga vikali, zikisema nchi tajiri zilijengwa kwa mafuta haya haya.

Kwenye mvutano huo, polima inayooza ina maana. Ikimwagika, selulosi haitabaki ziwani kwa miaka. Poliakrilamidi yenyewe si sumu kali, lakini huoza taratibu mno, na maji yaliyochanganyika nayo ni magumu kuyatenganisha na mafuta.

Lakini ukweli usemwe. Pipa lililotolewa kwa msaada wa mkonge likichomwa linatoa hewa ya ukaa ileile. Selulosi inapunguza madhara ya kemikali moja ndani ya kazi ya uchimbaji. Haigeuzi mafuta kuwa nishati safi, na yeyote atakayeiuza kwa jina hilo anapaswa kuulizwa maswali.

Mlango ulio wazi leo

Kwa kampuni ya hapa inayotaka kuingia, kusubiri zama za polima Uganda ni kusubiri sana. Kwanza mafuta yenyewe yatoke. Tarehe iliwahi kuwekwa 2025, ikasogezwa hadi 2026. Kisha maji yaingizwe, uwanja usomwe, ndipo majaribio ya polima yawe na maana. Na mwenye uamuzi ni mwendeshaji, ambaye ana wauzaji wake wa siku nyingi.

Soko lililo karibu ni tope la kuchorongea. Kila kisima kikichorongwa, tope maalumu hupitishwa ili kupoza patasi, kubeba vumbi la mwamba na kuzuia kuta zisibomoke. CMC ni kiungo cha kawaida cha tope hilo tangu miaka ya 1940. Haihitaji kudumu miaka chini ya ardhi. Siku au wiki zinatosha. Maadui wa selulosi hapo wanapungua makali.

Kanuni za Uganda tayari zinawatengea raia baadhi ya huduma, ikiwemo kuuza vifaa vya uchorongaji na uzalishaji vinavyopatikana nchini. Tilenga pekee ina mpango wa visima zaidi ya 400. Uchorongaji ulianza mwaka 2023, kwa hiyo sehemu ya soko hilo imeshapita. Lakini kuna Turkana, ambako Gulf Energy ya Kenya ilinunua mradi wa Tullow mwaka 2025. Kuna visima vya jotoardhi Olkaria. Kuna visima vya maji vinavyochorongwa kila wilaya.

Kiwanda kitakachoweza kuuza CMC safi kwa wachorongaji hao, ikiwa na ubora uleule kila gunia, ndicho kitakachosikilizwa siku kampuni za mafuta zitakapoanza kuulizia polima. Kisichoweza kitabaki na kauli nzuri kwenye makongamano.

Cha kufuatilia

Mambo matatu yataonyesha kama habari hii inakwenda popote. La kwanza ni kama mwendeshaji wa Tilenga atatangaza jaribio la polima, na la aina gani. La pili ni bei ya mafuta. Ikishuka sana, miradi ya kuongeza uvunaji huwa ya kwanza kukatwa. La tatu ni kama kuna mwekezaji yeyote Tanga, Mwanza au Jinja atakayejenga kiwanda cha CMC kwa ajili ya dawa ya meno, rangi na tope la visima, bila kusubiri mafuta.

Hilo la tatu ndilo lililo mikononi mwa watu wa hapa. Mawili ya kwanza yataamuliwa Paris na kwenye soko la dunia.